Washenzi wa Malta na Wageni wa Makambako

Neno la Kiingereza barbarian humfikia msomaji wa Njombe kwa njia mbili. Ya kwanza ni habari za vita: mji umepigwa mabomu, raia wameuawa, na msemaji wa serikali fulani anawaita adui zake kwa jina hilo. Ya pili ni Biblia ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James, ambayo bado imo katika nyumba za walimu na wachungaji wetu, na ambayo wanafunzi wanaotaka kunoa Kiingereza chao huifungua kando ya Biblia ya Kiswahili. Katika miaka niliyofundisha lugha hizi mbili, Njombe na baadaye Makambako, njia hii ya pili ndiyo iliyozaa maswali yenye uzito. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kwamba barbarian ni mtu katili anafika sura ya 28 ya Matendo ya Mitume, anakuta watu wa kisiwa cha Malta wakiitwa kwa neno la ukoo huo, kisha anasoma kwamba watu hao hao waliwawashia moto manusura wa meli iliyovunjika na kuwakaribisha wote kwa sababu ya mvua na baridi. Anauliza ukatili uko wapi. Swali lake ni zuri kuliko majibu ambayo vitabu vyetu vingi vya msamiati humpa.

Ukatili haupo. Wagiriki wa kale walimwita barbaros mtu yeyote ambaye maneno yake, masikioni mwao, yalikuwa bar-bar tu, sauti isiyobeba maana. Mwajemi mwenye himaya kubwa kuliko Ugiriki yote alikuwa barbaros, na Mmisri ambaye mahekalu yake yalikuwa makongwe kabla Athens haijasikika naye alikuwa barbaros. Dharau iliingia ndani ya neno mapema, hasa baada ya vita na Uajemi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, lakini maana ya masikio haikufa. Luka, anayesimulia safari ya Paulo kwa Kigiriki, alikuwa akieleza jambo la kawaida kabisa: watu wa Malta walisema Kipuniki, lugha ya Karthago, lugha iliyokuwa na maandishi karne nyingi kabla Kiingereza hakijaandikwa. Wafasiri wa 1611 walilichukua neno la Kigiriki karibu kama lilivyo, kwa kuwa Kiingereza cha siku zao kilibeba maana zote mbili, mtu wa lugha nyingine na mtu mkali asiye na utu, na msomaji aliachiwa kuamua kwa kuangalia habari yenyewe. Leo maana ya kwanza imezeeka hadi imetoka kwenye mazungumzo, na iliyobaki ni ya pili peke yake.

Kigiriki hakikuwa peke yake katika tabia hii. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao, wealh, lililomtaja mtu wa lugha nyingine, na kwa muda likatumika pia kumtaja mtumwa. Waliopachikwa neno hilo walikuwa wenyeji wa kisiwa, waliokaa pale kabla ya Waingereza kuvuka bahari, na hadi sasa nchi yao inaitwa Wales kwa Kiingereza, ingawa wao wenyewe huiita Cymru. Warusi humwita Mjerumani nemets, neno lililotoka katika neno la bubu: mtu ambaye kinywa chake hakitoi kitu cha kueleweka. Katika mifano hii yote anayesema ndiye asiyeelewa, lakini kasoro anaiweka kwa mwenzake.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Neno la kumtaja mgeni huzaliwa likieleza umbali uliopo kati ya watu wawili, umbali ambao kila mmoja anao kwa kiasi kile kile. Kadiri miaka inavyokwenda, umbali huo hutwikwa mmoja wao peke yake, ukawa ni tabia yake, akili yake, hata damu yake. Na anayetwikwa hachaguliwi kwa bahati nasibu: ni yule asiye na uwezo wa kumlazimisha mwenzake ajifunze lugha yake. Kwa hiyo anayelifundisha neno la kale la namna hii ana kazi mbili. Ya kutoa maana ni nyepesi. Nzito ni ya kulirudisha neno kati ya watu wawili lilikotoka. Ushahidi wa jambo hili hauko mbali Ugiriki; uko katika Biblia ya Kiswahili, na katika njia ambayo maneno yake yalipita hadi kufika nyanda hizi.

Tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952 ili kuunganisha tafsiri za Unguja na Mombasa, imelea vizazi vya Wakristo wa Njombe. (Kabla yake kulikuwa na tafsiri ya Mjerumani Karl Roehl, iliyokamilika mwaka 1937, ambayo ilipunguza makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu kwa kutaka Kiswahili chenye sura ya Kibantu zaidi; ugomvi wa nani mwenye Kiswahili, pwani au bara, ulikwisha kuingia madhabahuni.) Ukifuatilia neno barbaros katika tafsiri hiyo ya Muungano unakuta limevaa nguo nne. Katika Warumi 1:14 watu hao ni wasio Wayunani, yaani wametajwa kwa kile wasichokuwa. Katika Wakolosai 3:11 barbaros ni mgeni, na anayefuata baada yake, Mskithi, yule mfugaji wa kaskazini ya Bahari Nyeusi ambaye Wagiriki walimwona kuwa wa mwisho kabisa, amekuwa mshenzi. Katika Matendo 28 watu wa Malta waliowasha moto ni washenzi. Na katika 1 Wakorintho 14:11, Paulo anapozungumzia watu wawili wasioelewana kwa lugha, barbaros amekuwa mjinga. Neno moja la Kigiriki, na neno moja la Kiingereza cha 1611, limegawanyika kwa Kiswahili kuwa manne. Sisemi wafasiri walizembea. Kila mahali walitazama habari ilivyo wakachagua neno lililokuwa mkononi. Ila maneno yaliyokuwa mkononi yalikuwa na historia, na historia hiyo ilipita juu ya migongo ya watu wa bara.

Mshenzi ni mfano ulio wazi kuliko yote. Wataalamu wengi hulihusisha neno hili na Zanj au Zangi, jina ambalo Waarabu na Waajemi waliwapa watu weusi wa pwani ya Afrika Mashariki, lile lile linalosikika ndani ya jina Zanzibar. Kama ndivyo, basi watu wa pwani walipewa jina na waliokuja kwa bahari, nao wakalisukuma bara. Katika karne ya 19 mshenzi kwa Mswahili wa pwani alikuwa mtu wa ndani: asiyeswali, asiye na kanzu, asiye na Kiswahili. Aliyekuwa kinyume chake alikuwa mwungwana, na baadaye mstaarabu, neno ambalo limembeba Mwarabu ndani yake hadi leo bila wengi wetu kulitazama. Misafara ya biashara ililipandisha neno milimani. Kisha ikaja serikali ya Wajerumani, iliyotawala kwa Kiswahili kupitia maakida na askari, na maofisa wake wakalikopa neno hilo hilo katika Kijerumani chao, wakiandika Schensi kwa maana ya mwanakijiji wa bara. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, mwaka ule ule aliokufa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mnamo Septemba 1905 vita vya Maji Maji, vya kuupinga utawala huo, vilifika hadi misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Katika miaka hiyo Mbena wa Njombe aliyeitwa mshenzi aliitwa akiwa nyumbani kwake, kwenye shamba la babu yake, na aliyemwita ndiye aliyekuwa ametoka mbali. Ni kisa cha Malta kilichorudiwa, tofauti ikiwa kwamba msafiri wa Malta alifika amelowa na hana kitu, na huyu wa Njombe alifika na bunduki na daftari la kodi.

Mjinga ni neno la kusikitisha zaidi, kwa sababu historia yake imefutika kabisa vichwani mwetu. Sisi tunamjua mjinga kuwa ni mtu asiyejua, na katika hasira ni mpumbavu. Lakini kwa Kiswahili cha pwani cha karne ya 19 mjinga alikuwa pia mtumwa mgeni, aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye hajazoea mji wala kuijua lugha. Alitofautishwa na mzalia, mtumwa aliyezaliwa pwani. Aliyeitwa mjinga huenda alikuwa mhunzi, mganga, mama wa watoto wanne, mtu aliyejua majina ya miti yote ya msitu wa kwao. Sokoni Unguja au Bagamoyo ujuzi wote huo ulikuwa sifuri, kwa kuwa hakuweza kuusema kwa lugha ya mnunuzi. Aliyetafsiri 1 Wakorintho 14:11 kwa neno mjinga hakuwa amekosea basi, kwa kipimo cha Kiswahili kile. Alishika kwa usahihi wa kutisha hali ya mtu ambaye kutoeleweka kwake kunahesabiwa kuwa kutojua kwake. Msomaji wa leo hawezi kuliona hilo. Anaona Paulo akisema kwamba mtu asiyejua lugha yako ni mpumbavu kwako, na anaondoka na somo ambalo barua ile haikulifundisha. Tena sehemu yenyewe ina uzuri ambao ndio hasa ningetaka mwanafunzi aubebe: Paulo anasema hali hiyo ni ya pande mbili, mimi kwake na yeye kwangu. Katika maandiko yote ya kale niliyopata kuyasoma kuhusu neno hili, ni hapa ambapo limerudishwa waziwazi kati ya watu wawili.

Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakuhitaji kuleta neno barbarian. Walileta lingine jepesi zaidi, namba. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na wilaya ya Njombe ilikuwa mojawapo ya machimbo makuu ya mikono hiyo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na vijana wa Kibena, Kikinga na Kipangwa wakaondoka kwa mkataba, kila mmoja na namba yake na kipande cha kujaziwa siku 30 za kazi. Huko walikofika wakaitwa manamba. Watu wa Tanga waliofanya kazi ya kutwa katika mashamba yale yale wakirudi kwao jioni hawakuwa manamba. Manamba alikuwa yule aliyetoka mbali, anayelala kambini, ambaye jina lake la ukoo halikumsaidia mtu yeyote kumjua. Neno la hesabu la Kiingereza likawa neno la Kiswahili la kumtaja mgeni, na kwa kuwa mgeni huyo alikuwa na kazi ya chini na mshahara wa chini, halikuchukua muda kuwa neno la kumdharau. Mwanamume yule yule aliporudi Njombe alikuwa baba wa watu, mzee wa kanisa, mjumbe wa baraza. Tabia yake haikubadilika njiani; alichokibadilisha ni mahali aliposimama.

Jambo hili halijaisha. Kwa Kibena na Kihehe lukolo ni ukoo, na nyalukolo ni ndugu. Ukishuka nalo Dar es Salaam neno hilo hilo, mnyalukolo, huwa ni jina la mtu wa Iringa au Njombe, mara nyingi likisemwa na kicheko, likimfikiria msichana wa kazi za ndani au kijana mpya mjini mwenye lafudhi ya milimani. Wapo wanaojiita hivyo kwa fahari, na wana haki. Lakini tazama mwendo wenyewe: neno ambalo maana yake ni kwamba wewe ni wangu limegeuka kuwa alama ya kwamba wewe si wa hapa. Sijui mfano ulio bora wa kumfafanulia mwanafunzi kilichotokea kwa barbarian.

Makambako unaonyesha upande wa pili. Mji huu, kilomita 60 hivi kutoka Njombe, uko pale ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Kuna Wabena wenye ardhi, Wakinga wenye maduka, Wahehe, Wanyakyusa, Wangoni, madereva wa malori wanaotoka Zambia na Kongo, na wanunuzi wa mahindi, viazi na mbao wa kila lafudhi. Stendi ya Makambako haina mtu anayeweza kukaa na kungoja wengine wote wajifunze lugha yake, maana atafunga biashara. Muuza viazi anajua salamu za makabila manne na tarakimu kwa lugha mbili zaidi. Utingo kutoka Zambia anaokota Kiswahili cha bei, mafuta na chakula. Sisemi watu wa Makambako ni wema kuliko wa kwingine. Ninachosema ni kwamba pale ambapo kila mmoja anamhitaji mwenzake kwa kiasi kinachokaribiana, neno la mgeni hubaki jepesi: mgeni ni mtu aliyefika leo, na kesho si mgeni. Uzito wa neno hutoka katika uzani wa nguvu.

Reli yenyewe ina ushahidi wake. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande cha Mlimba hadi Makambako, kinachopanda kutoka bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja mfululizo, ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko chote. Maelfu ya Wachina walifanya kazi pamoja na makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia, wengi wao bila lugha moja ya kuwaunganisha. Wakalimani hawakuweza kutosha kila handaki. Ufundi ulifundishwa kwa kuonyeshana, mkono kwa mkono, na kila upande ukaokota maneno ya mwenzake kwa kadiri kazi ilivyodai. Kwa Kigiriki cha Paulo, wote walikuwa barbaroi, Wachina kwa Waafrika na Waafrika kwa Wachina. Haikuwa hali ya usawa kamili, kwa kuwa fundi mkuu na kibarua hawakuwa sawa popote. Lakini hakuna aliyedhani kwamba asiyesema Kichina hana akili, wala kwamba asiyesema Kiswahili si mtu. Umbali ulionekana kwa jina lake halisi, kuwa ni kazi ambayo bado haijafanywa na pande zote mbili.

Najua hoja zinazoweza kuletwa dhidi ya haya yote. Ya kwanza, na yenye nguvu, ni kwamba lugha hubadilika na mtumiaji wa leo hadaiwi na maana ya jana. Mama anayemwambia mwanawe aache ushenzi hamfikirii mtu wa bara wala soko la watumwa. Anamkataza kutupa takataka barabarani. Ni kweli, na sina nia ya kumsimamia mama huyo kama polisi wa maneno. Kwa mazungumzo ya kila siku maana iliyopo ndiyo maana. Lakini msomaji wa maandishi ya kale yuko katika nafasi nyingine: akiipeleka maana ya leo katika sentensi ya jana anawasingizia watu wa Malta ukatili ambao hata msimulizi wao hakuwasingizia. Hata katika matumizi ya leo bado kuna mzizi unaovuta. Ushenzi na ustaarabu vimebaki kuwa ncha mbili za kipimo kimoja, na kipimo hicho kiliwekwa na watu waliokuwa na uhakika wa mahali ustaarabu unakotoka. Mtoto wa Lupembe, huku kwetu Njombe, anayeambiwa ajifunze ustaarabu anastahili, walau mara moja katika masomo yake, kuambiwa kwamba mababu zake hawakuwa wakiungoja ushuke kutoka melini.

Wengine watasema tatizo limekwisha kutatuliwa, kwa kuwa tafsiri mpya zimeliondoa neno. Biblia Habari Njema haiwaiti watu wa Malta washenzi, inawaita wenyeji. Hatua hiyo naipenda kwa moyo wote. Inawarudishia wale watu kisiwa chao: wao ndio wa pale, na waliokuja ni wengine. Hata hivyo kila marekebisho yana gharama. Neno wenyeji linasema ardhi ni ya nani, lakini linanyamaza kuhusu masikio. Msomaji hajui tena kwamba wale waliowasha moto na wale walioota moto hawakuwa na lugha moja ya pamoja, na kwamba ukarimu ule ulitendwa bila maelezo, bila kujuana, bila hata uhakika kwamba asante imesikika. Kwangu hilo ni jambo kubwa katika habari ile, na linapotea kimya kimya. Ningependelea tafsiri iseme wenyeji, na mwalimu aongeze kile ambacho neno halikuweza kubeba. Kufuta neno baya si sawa na kulieleza; likishafutwa bila maelezo, lile la Kiingereza linabaki na maana ya magazeti, na mwanafunzi anayesoma Biblia zote mbili anadhani moja kati yake inadanganya.

Hoja nyingine hutolewa na watu wa huku huku kwetu, na kwa haki: hakuna kabila lisilo na majina ya watu wa nje, na si yote yana heshima. Wabena, Wakinga, Wahehe, Wasangu, kila mmoja ana msamiati wake kuhusu jirani, na vita vya karne ya 19 kati yao havikuwa vya maneno tu. Nakubali bila kupunguza. Dai langu halikuwa kwamba pwani au Ulaya ina dhambi na sisi hatuna. Nilidai kwamba majina haya huzaliwa kila mahali, na yanayodhuru ni yale yanayopata ofisi. Jina ambalo mtu wa Kidugala alimwita mtu wa ng'ambo ya mto lilikuwa na umbali wa sauti yake, na yule wa ng'ambo alikuwa na lake la kujibu. Schensi lilipata karani. Manamba lilipata kipande na mhuri. Jina likishaingia katika daftari halimwachi aliyeitwa na nafasi ya kujibu, na mtoto wake huanza kulitumia kwa mtu mwingine aliye chini zaidi, kama pwani ilivyofanya kwa bara. Ndiyo maana majina yetu ya kienyeji nayo yafundishwe kwa uwazi ule ule, hasa sasa ambapo kuna ofisi za kwetu na madaftari ya kwetu.

Inabaki hoja ya mwalimu mwenzangu, ambayo naiheshimu kuliko zote kwa sababu inatoka darasani: mtihani hauulizi haya, vipindi ni vichache, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anayehangaika na nyakati za vitenzi hana nafasi ya neno lililozeeka. Lakini neno hili halimgharimu zaidi ya kipindi kimoja. Wanafunzi wafungue Matendo 28 katika Kiingereza cha 1611, katika tafsiri ya 1952 na katika Habari Njema, waandike ubaoni maneno matatu yanayowataja watu wale wale. Kisha kila mmoja aandike, kwa lugha anayozungumza na bibi yake, neno ambalo angelitumia kumtaja mtu aliyefika usiku na ambaye maneno yake hayaeleweki. Darasa la Makambako litatoa lugha tano au sita bila kujitahidi, na kazi ya kulinganisha itafanywa na wao wenyewe. Watajifunza humo Kiingereza kingi kuliko katika orodha ya maneno ishirini ya kukariri, kwa sababu watakuwa wamejua neno lilivyotembea. Hata mtihani wenyewe hauna cha kupoteza. Msahihishaji anaweza kumpa alama anayeandika kwamba barbarian ni mtu asiyesema lugha ya msimulizi, swali likiwa ni la Matendo 28, na kumpa vilevile anayeandika kwamba ni mtu katili, swali likiwa ni la gazeti la leo. La kukatwa ni jibu la gazeti lililoandikwa kwa watu wa Malta.